Namba Kumi na Saba

Picha ilikuwa moja, lakini ilitundikwa mara ishirini na tisa.

Inspekta alisimama katikati ya sebule ya marehemu, mikono nyuma ili asiguse kitu, akazihesabu upya. Zilikuwa safu tatu za fremu nyeusi, zote za kimo kimoja, zote na kitu kile kile ndani: mgongo wa mwanamume aliyeinamia meza chini ya taa, shati limevutika mabegani, uso hauonekani. Ilikuwa picha ya chapa, ile ambayo fundi huichonga kwanza kwenye ubao, akaupaka ubao wino, kisha akabana karatasi juu yake. Chini ya kila picha palikuwa na namba ndogo ya penseli. 1/30. 2/30. 3/30. Nakala ya kwanza kati ya thelathini, ya pili kati ya thelathini, na kuendelea hivyo hivyo kama wanafunzi kwenye mstari.

"Mtu mzima na akili zake timamu," Sajini alisema akiwa mlangoni, "ananunua picha moja mara ishirini na tisa. Afande, ingekuwa mimi, mke wangu angenirudisha kwa mama yangu siku hiyo hiyo."

"Huyu hakuwa na wa kumrudisha," Inspekta alijibu.

Marehemu alikuwa fundi saa mstaafu, miaka sabini na mmoja, akiishi peke yake ghorofa ya tatu. Jirani wa chini, mama mshonaji, ndiye aliyeita watu Jumapili, baada ya kutambua kwamba tangu Jumatano hajasikia kikohozi chake. Walimkuta amekaa kwenye kiti, ameelekea ukutani, macho wazi. Mlango ulikuwa umefungwa, ila komeo lake ni la kujifunga lenyewe ukiuvuta, kwa hiyo halikuthibitisha chochote. Daktari wa mochwari alisema moyo umesimama. Hakuna jeraha wala sumu.

Jambo hilo lingeishia hapo, kama si vitu vitatu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kwenye safu ya katikati, baina ya 16/30 na 18/30, palikuwa na msumari mtupu. Na mfukoni mwa marehemu palikuwa na kadi ya muuza picha mmoja wa mjini, ambaye wiki mbili kabla alisikika akipiga kelele kwenye ngazi za jengo lile. Muuza picha huyo aliulizwa, akasema hamjui marehemu. Uongo huo ulimlaza mahabusu, na mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake kabla ya jioni.

"Picha imeibwa, mwizi tunaye," alikuwa amesema. "Unatafuta nini tena huko juu?"

Swali hilo ndilo lililomrudisha Inspekta.

Mezani, kando ya vikombe, kulikuwa na fremu nyingine kama zile za ukutani, tupu. Kioo kilikuwa kimetolewa na kuwekwa pembeni kwa uangalifu. Inspekta alivaa glavu, akaigeuza. Kwenye ubao wa nyuma, pembeni, aliona alama nyeusi ya kidole. Aliinama akanusa. Ilikuwa na harufu nzito ya mafuta.

"Picha iliingia humu," alisema. "Kisha ikatolewa. Na aliyeitoa hakuwa na haraka. Mwizi havui kioo akakilaza juu ya kitambaa."

Alimpigia simu daktari wa mochwari.

"Vidole vyake vilikuwaje?"

"Visafi," daktari alisema. "Isipokuwa dole gumba la kulia. Lilikuwa na weusi. Nilidhani grisi ya saa."

Walipokuwa wakishuka, mama mshonaji alikuwa mlangoni kwake, sindano mdomoni. Aliitoa akaichomeka kwenye ukosi wa gauni.

"Saa?" alisema alipoulizwa. "Mwanangu, yule aliacha saa mwaka wa tatu huu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Aliuza vifaa vyote, akabaki na ile lenzi yake ya jichoni tu."

"Jumatano ulisikia chochote?"

"Nilisikia mgeni akipanda mida ya saa tisa. Nikafurahi, nikasema leo mzee wa watu kapata mtu. Mwanzoni waliongea wote. Baadaye ikawa sauti moja tu, inasema, inasema, kama mtu anayemsomea mwenzake barua ndefu. Mpaka magharibi."

"Sauti ya nani?"

"Si yake. Yake naijua."

"Ya yule aliyepiga kelele ngazini?"

Mshonaji alifikiri. "Yule ana sauti ya mnadani. Hii ilikuwa ya chinichini."

Chini ya mto wa kitanda Sajini alikuwa ameokota daftari. Inspekta alilisoma ndani ya gari. Kila namba ilikuwa na ukurasa wake, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea skrubu.

*Namba 4. Kwa daktari wa meno. Ilikuwa chumba cha kusubiria. Anasema siku alipoinunua msichana alikuwa na mafua, akaomba radhi kila alipopiga chafya.*

*Namba 9. Kwa mjane wa rubani. Ilikuwa juu ya kitanda. Hakumbuki lolote. Nimemwomba ajaribu tena.*

*Namba 23. Kwa mwalimu wa hesabu. Anasema msichana alicheka sana. Hakumbuki alichekea nini.*

Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa mtupu, ila mstari mmoja wa wino mpya: *Imepatikana. Jumatano saa tisa. Anakuja nayo mwenyewe.*

"Mwenyewe," Sajini alisema. "Si ndiye tuliyemfungia?"

"Twende tukamuulize."

Muuza picha aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na viatu visivyo na kamba. Suti yake ilikuwa nzuri jana.

"Kwa nini ulisema humjui?"

"Afande, mtu akifa, halafu polisi wakakuuliza kama unamjua, mtu yeyote mwenye kichwa anaanza na hapana. Ndiyo inakuja baadaye."

"Basi imefika."

Akahema. "Namjua. Nilimuuzia nne kati ya zile. Nyingine alizisaka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, miaka sita. Nilikwenda kumwomba aniuzie zote. Moja moja si kitu, lakini toleo zima la picha, nakala zote mikononi mwa mtu mmoja? Hilo halitokei. Toleo likishauzwa linatawanyika kama ndugu baada ya msiba. Akaniambia nitoke. Nikapaza sauti. Naona aibu, lakini kupaza sauti siyo kuua."

"Namba kumi na saba umemuuzia wewe?"

"Kumi na saba hakuna aliyewahi kuiona. Mimi nimeitafuta pia, nikachoka."

"Na mchongaji? Hawezi kujua ilikokwenda?"

Muuza picha alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la mzaha. "Alikufa akiwa na miaka ishirini na sita. Afande, hukuambiwa? Ni binti wa yule mzee. Na ule mgongo ni wa baba mtu. Walikosana msichana alipoacha masomo kwa ajili ya kuchonga. Baba alimwambia, ukitoka usigeuke. Naye hakugeuka. Yule mzee alianza kununua wiki ya pili baada ya mazishi."

Sajini aliangalia kalamu yake.

Inspekta alisukuma mezani picha ya dole gumba aliyotumiwa na daktari. "Hii ni grisi?"

Muuza picha aliivuta karibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana akawa mtu wa kazi yake. "Huu ni wino wa mafuta. Wa kuchapia. Lakini haiwezekani. Picha zile zina miaka minane, zimekauka kama mfupa. Wino huu ukikuchafua kidole, basi picha haijamaliza wiki mbili, tatu tangu itoke mtamboni."

"Nani hapa mjini bado anachapa kwa wino wa mafuta?"

"Wamebaki wangapi? Mmoja. Ndiye aliyemfundisha yule msichana."

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, juu ya ngazi ya chuma iliyolegea. Inspekta alipanda peke yake. Sajini alibaki chini na gari. Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ilikuwa ile ile ya nyuma ya fremu.

Wateja walimwita Mzee wa Mtambo. Alikuwa mrefu, amepinda kiunoni, na mikunjo ya vidole vyake ilikuwa na weusi ambao hakuna sabuni ingeuondoa. Mtambo wenyewe ulijaza nusu ya chumba: chuma kizito na gurudumu la kuzungushia. Juu yake kamba zilipita na vibanio vya nguo, na hakuna karatasi hata moja iliyoning'inia. Chumbani kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto.

"Karibu, mwanangu. Kama ni kadi za harusi, siku hizi sichapi."

"Mimi ni Inspekta wa upelelezi. Nimekuletea habari mbaya, mzee. Fundi saa amefariki."

Mzee aliinamisha kichwa. "Masikini. Masikini wa Mungu."

"Mlionana lini?"

"Lo, miezi miwili. Zaidi."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Moyo. Aliniambia. Masikini, kufia kwenye kiti kile, peke yake."

Inspekta aliacha maneno yale yapoe.

"Sikusema kiti," alisema.

Mzee alitazama gurudumu la mtambo, kisha mlango, kisha mikono yake. Alikaa kwenye kiti kisicho na mto.

"Hukusema," alikubali.

"Iko wapi?"

Aliinuka bila kuulizwa mara ya pili, akainua mbao mbili zilizolaliana mezani na kutoa karatasi. Mgongo, taa, shati lililovutika. Chini, kwa penseli: 17/30.

Inspekta alikuwa amekuja na lenzi ya marehemu kwenye mfuko wa vielelezo. Asubuhi, kwa sababu tu ilikuwepo, aliipitisha kwenye picha zote ukutani, akaona kwamba kuanzia namba ya kumi na mbili kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ukipita begani. Kadiri namba ilivyopanda, ndivyo unywele ulivyorefuka. Kwenye 30/30 ulikuwa umefika kwenye ukosi. Sasa aliinama juu ya hii ya kumi na saba. Mstari ulivuka ukosi, ukapita shingo, ukatokea upande wa pili wa karatasi.

"Ubao una ufa," alisema.

"Kila ukibanwa unafunguka kidogo. Huwezi kuurudisha."

"Kwa hiyo hii si ya kumi na saba. Imechapwa baada ya zote."

"Wiki moja kabla ya Jumatano ile."

"Na ya kweli?"

Mzee wa Mtambo alicheka kicheko kisicho na sauti. "Haikuwahi kuwepo. Tulikuwa na karatasi nzuri thelathini, si zaidi. Yule mtoto, kwa papara zake, alishaziandika namba zote kabla hatujaanza. Nilimkataza, alinisikia lini? Tulipofika ya kumi na saba karatasi ikashika upande mmoja, ikapasuka katikati ya mgongo. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, Mwalimu, huyu mzee hata kwenye karatasi hataki kukaa. Tukaendelea na kumi na nane."

"Lakini baba yake hukumwambia. Miaka sita."

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Alikuja mara ya kwanza, akauliza, umesikia habari za kumi na saba? Nikataka kusema haipo. Lakini alikuwa amepanda ngazi zile, anahema. Nikampa chai. Akaniuliza bintiye alikuwa anasimama wapi akifanya kazi. Nikamwonyesha. Mwezi uliofuata akarudi. Umesikia habari? Bado. Tunakunywa chai, ananiuliza alikuwa anaimba nini, alikuwa anakula saa ngapi. Kila mwisho wa mwezi. Ningemwambia haipo, angerudi kufanya nini?" Aliupangusa mto wa kile kiti kingine kwa kiganja. "Na hakuna mwingine anayepanda huku."

"Ukaamua kumchapia."

"Daktari alikuwa amemwambia hana muda. Alitaka tu kumaliza ukuta ule. Nikasema, ubao ninao, karatasi nitapata inayofanana, namba nitaiandika. Kosa liko wapi?"

"Endelea."

"Nilimpelekea. Akaitia kwenye fremu, akaitundika, akasimama mbali. Nikaona mabega yake yameshuka. Nikajua nimefanya vizuri. Halafu akatoa lenzi. Mazoea ya kazi, unajua. Akatazama kumi na sita. Akatazama yangu. Akatazama kumi na nane, akarudi kwenye yangu. Akaniambia, ufa huu ni mrefu kuliko wa thelathini. Hii imechapwa juzi."

"Akakasirika."

"Ningependa angekasirika. Nilimweleza yote, ya karatasi kupasuka. Akauliza jambo moja tu. Alilia? Nikasema hapana, alicheka. Nikamwambia na maneno yale. Akakaa kwenye kiti, naye akacheka. Kisha akashika kifua."

Inspekta alitoa kijitabu chake. Kuanzia hapa kila neno lilikuwa na uzito wa sheria, na wote wawili walijua.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi hivi."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

"Gari la wagonjwa hufika mtaa ule kwa dakika kumi na tano."

"Nilitaka kuita. Nilikuwa nimeshaitoa simu. Akanikamata hapa." Alionyesha kifundo cha mkono. "Akasema, usilete watu. Wakija watanilaza chini, watanifunga mipira, na wewe watakutoa nje. Kaa. Niambie siku ile. Moja moja, usiruke."

"Siku ya kuchapa."

"Ndiyo. Nikaanza na ya kwanza. Jinsi alivyoogopa kuinua karatasi, akaniambia niinue mimi. Ya pili, ilitoka hafifu, wino haukutosha. Ya tano aliinua mwenyewe. Kila nakala nilimpa yake. Nilikuwa nazikumbuka, nilishangaa mwenyewe. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ya kumi na nne mvua ilianza kupiga bati, tukasimama kidogo. Ya kumi na saba nikamsimulia tena, akatabasamu. Ya kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Nilipofika ishirini na mbili nikaona hanijibu."

Inspekta hakuinua kichwa. "Ukafanya nini?"

"Nikamalizia."

Kalamu ilisimama.

"Alisema nisiruke," Mzee wa Mtambo alisema. "Nikamalizia mpaka thelathini. Kisha nikaitoa ile picha ukutani, kwa sababu ilikuwa ya uongo, na sikutaka ibaki baina ya zile. Nikavuta mlango."

"Hukumwita mtu hata baada ya hapo. Alikaa pale siku nne."

"Nilifikiri. Nikajiuliza, nimpigie nani? Hana mke, hana ndugu, mtoto katangulia. Mtu wa kupewa pole alikuwa ni nani? Nikaona ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshajua." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi. "Hilo ni kosa. Najua ni kosa. Mtu haachwi hivyo."

"Kwamba alikuomba usiite msaada, kuna shahidi?"

"Hakuna."

Kulikuwa na mshonaji, aliyesikia sauti moja ya chinichini kuanzia baada ya alasiri hadi magharibi, na Inspekta aliandika hivyo. Sauti ile isingethibitisha ombi, lakini ingethibitisha kwamba mtu alibaki. Kama kubaki ni sawa na kuacha afe, au ni kitu kingine, hilo halikuwa la kwake kuamua. Alipiga simu kituoni, akaagiza muuza picha arudishiwe kamba zake za viatu na aachiliwe. Mkuu wa kituo alianza kuuliza; Inspekta alimwambia atapata maelezo kamili kabla ya jioni, kama alivyotaka.

"Vaa koti," alimwambia mzee.

"Nafungwa?"

"Unaandika maelezo. Mwendesha mashtaka atayasoma, naye ataamua. Lakini tunapitia mochwari kwanza. Wanahitaji mtu anayemjua amtambue rasmi, ama atazikwa na manispaa kwa namba. Nimetafuta tangu Jumapili. Sikupata mtu."

Mochwari ilikuwa na ukumbi mrefu, benchi moja, na karani aliyezungumza kupitia tundu la kioo. Mzee wa Mtambo aliingia ndani na mhudumu, akatoka baada ya dakika chache. Hakulia. Karani alimsogezea fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Alijaza jina la marehemu, umri, mahali alipoishi. Kisha mkono ukasimama. Alimgeukia Inspekta.

"Hapa wameandika uhusiano na marehemu. Niweke nini?"

"Weka ukweli."

"Ndugu si ndugu. Rafiki?" Alilijaribu neno lile mdomoni, akalikataa kwa kutikisa kichwa. "Rafiki asingemdanganya miaka sita."

Karani aligonga kioo kwa pete yake. Nyuma yao familia ya watu saba au wanane ilikuwa imeingia, wanalia, wameshikana.

Mzee aliinama juu ya fomu akaandika polepole, herufi moja moja, akihakikisha kila moja inasomeka. Alipomaliza alimsukumia Inspekta aikague kabla haijapita kwenye tundu. Kwenye nafasi ile nyembamba, iliyotengewa neno moja, alikuwa ameandika: *Nilimfundisha binti yake.*

Inspekta alitia sahihi yake chini, kama shahidi, akaipitisha ndani.